Tuulizeni kilichomo kwenye sufuria: barua ya wazi kwa wakubwa wetu wa afya

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yetu,
Mheshimiwa Mganga Mkuu wa wilaya,
na waratibu wote wa huduma za afya ngazi ya jamii, hadi huko Dodoma.

YAH: KUKATAZWA KUZUNGUMZIA MITI DAWA TUNAPOTEMBELEA KAYA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamooni. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja chini ya milima ya Usambara Mashariki, mkoa wa Tanga. Nilizaliwa 1973, mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, na marehemu mama alikuwa akinitania kwamba kazi hii niliianza tumboni, maana alihudhuria darasa la redio akiwa na mimba yangu. Kujitolea hasa nilianza 2009. Nina kaya themanini na kitu, baiskeli yangu mwenyewe, na mkoba mlionipa ambao zipu yake ilikufa zamani.

Jina la kijiji silitaji, wala la halmashauri. Wahusika watajitambua, na sitaki mganga mfawidhi wetu, ambaye ni mtu mwema, aitwe kujieleza kwa ajili yangu.

Barua hii imetanguliwa na tatu. Ya kwanza nilimkabidhi msimamizi wetu mkononi, akaikunja akaiweka mfukoni mwa shati. Ya pili ilipita kwa mtendaji wa kijiji, ikagongwa muhuri. Ya tatu niliipeleka wilayani kwa nauli yangu, nikaambiwa niiache masjala. Mwaka umekatika. Sijajibiwa hata kwa kugombezwa.

Nieleze kwanza lililotokea, ndipo niorodheshe malalamiko.

Nyuma ya zahanati yetu palikuwa na matuta manne. Tuliyalima wahudumu sita kwa majembe ya nyumbani, tukayazungushia chupa za maji tulizozifukia shingo chini. Tulipanda mchaichai, mshubiri, kivumbasi, tangawizi, manjano, mnanaa, na pembeni mche wa mlonge. Majina tuliyaandika kwenye vifuniko vya ndoo za rangi. Tuta la nne lilikuwa langu, nami nilijivunia hilo kuliko yote: nilipanda mnyonyo na mingine ambayo watu huikimbilia ilhali ina madhara, nikaandika kwa rangi nyekundu SI YA KUNYWA. Akina mama waliokuja kliniki walisimama hapo muda mrefu kuliko walivyosimama mbele ya bango lolote mlilotuletea. Walibishana. Mmoja alisema mama mkwe wake anachemsha mmea huo huo, wenzake wakamgeukia wote kwa pamoja. Lile lilikuwa somo, na sikufungua mdomo.

Kisha maagizo yakaja: wageni wa ukaguzi wako njiani, hicho kibustani kiondolewe, zahanati si kilinge. Tuling'oa wenyewe, asubuhi moja. Mchaichai tuliutupa kwenye shimo la taka. Wiki mbili baadaye ulikuwa umechipua humo humo shimoni, katikati ya maboksi ya glavu, na watu wanaingia kuukata. Sasa nisaidieni, wakubwa wangu: mchaichai huo ulikuwa salama zaidi tutani au shimoni?

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmetufundisha kunyamaza, na mtu akinyamaziwa huficha.

Kwenye semina tunaambiwa: mkikuta mitishamba nyumbani, msiizungumzie, waambieni waende zahanati. Maneno mepesi hayo ukiwa ukumbini na chai ya saa nne. Masika iliyopita niliingia nyumba moja kumwona mtoto wa miaka miwili na nusu aliyekuwa hachangamki. Bibi yake akaniambia hajala dawa yoyote. Pale jikoni palikuwa na sufuria imefunikwa kwa sinia, na juu ya sinia pametandikwa kanga, kana kwamba ni chakula cha mgeni. Harufu ya mwarobaini uliochemshwa haijifichi, inakaa kooni. Ningefuata semina, ningesema "mpelekeni zahanati" nikaondoka, naye angenijibu "sawa mwanangu" na kuendelea na kikombe chake.

Nikafunua. Maji yalikuwa yameshakuwa meusi. Nikamwuliza, "Bibi, majani haya ya mti wa pale kisimani au wa msikitini?" Akacheka. Akasema wa kisimani, wa msikitini hauna uchungu wa kutosha. Basi tukawa tunaongea. Akanieleza mwenyewe: ni siku ya tatu, vikombe viwili kwa siku, na tangu jana mtoto anatapika. Siku tatu za homa kwa mtoto wa umri ule! Nikamwambia mwarobaini mimi naujua, kwetu tumenyweshwa wote, lakini huyu damu yake inaliwa na vimelea na jani halitaviwahi. Bodaboda, zahanati, kipimo, malaria ipo, dawa ya mseto. Alipona. Kilichomwondoa nyumbani si bango lenu. Ni kwamba niliujua mti wa kisimani.

Hapa ndipo hoja yangu yote ilipo, mengine ni matawi. Mnadhani mhudumu anayejua miti atawabakiza watu nyumbani. Mimi nawaambia miaka yote hii ujuzi huo nimeutumia zaidi kukataza kuliko kuruhusu. Asiyeujua mti hana cha kukataza. Atabaki kusema "mitishamba ni mibaya", na bibi aliyelea watoto tisa kwa mitishamba atamwona ni mtoto mdogo.

2. Waja wazito.

Hili ni zito, na wanaume mtanisamehe. Mnajua, na kama hamjui waulizeni wakunga wenu, kwamba wanawake wengi huja kujifungua wakiwa tayari wamekunywa dawa ya uchungu. Mama mkwe huipika, au huiagiza. Uchungu ukija kwa kasi isiyo yake, kizazi kinaweza kupasuka, na kutoka kwetu hadi penye chumba cha upasuaji ni barabara ambayo masika bodaboda husukumwa badala ya kupandwa. Mkunga huwa anauliza, "Umekunywa nini?" Jibu ni lile lile: "Sijanywa kitu." Anayejua nini kimechemshwa nyumba ipi ni sisi, kwa sababu tunajua nani ana mti gani nyuma ya choo. Nimewahi kumnong'oneza nesi jina la jani mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, nikahojiwa na msimamizi kwa nini najiingiza kwenye mambo ya kitaalamu. Vivyo hivyo utomvu wa mshubiri: unaharisha vibaya, mjamzito hafai kuunywa, na wasichana wengi huuchukulia kuwa ni maji ya urembo tu. Kipeperushi kinachosema hivyo kwa kutaja jina mshubiri, sijawahi kupewa.

3. Rejista haina pa kuandika.

Tunajaza choo, maji, chandarua, chanjo, uzazi wa mpango. Hakuna safu ya kuandika mgonjwa alitumia nini kabla ya kufika kwenu. Kisichoandikwa hakifiki kwenye MTUHA, yaani mfumo wenu wa taarifa za huduma za afya, na kisichofika MTUHA mnasema hakipo.

4. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wa sukari na wa presha.

Mwaka 2011 hatukuwa tumelala. Tuliona magari yakipita kwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mzee Ambilikile Mwasapile aliyesema dawa yake inaponya UKIMWI na magonjwa sugu, kikombe kimoja shilingi 500, na mti wenyewe ni mugariga. Kwangu walikwenda wanne. Wawili waliacha dawa za kufubaza kwa sababu waliamini wamepona, na ilituchukua miezi kuwarudisha. Serikali ilituma wataalamu kwenda kuuchunguza mti, ni vyema. Lakini nani aliyetumwa kwenye nyumba za waliorudi? Hakuna. Tulikwenda wenyewe, bila neno la kusema maana hatukupewa.

Na isitoshe Tanga hii hii ina mfano. Miaka ya 1990, TAWG, kikundi cha Tanga cha kupambana na UKIMWI, iliwakutanisha waganga wa jadi na madaktari kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambao dawa za kufubaza hazijawafikia watu wa kawaida. Mganga alitaja mti wake na daktari alitaja dawa yake, mbele ya mgonjwa mmoja. Sikuhadithiwa na mtu wa mbali. Jirani yangu alihudumiwa hivyo. Leo mgonjwa wangu anameza vidonge asubuhi na unga wa mizizi jioni, na hakuna anayemwuliza kama viwili hivyo vinagombana. Vipo vinavyogombana. Hata vidonge vya kitunguu saumu imeonekana vinapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kufubaza.

5. Watafiti.

Wanakuja na madaftari, wanapiga picha majani, wanakaa chini ya mwembe wangu wakiniuliza "na hili mnaliitaje?" Wanakunywa chai yangu. Matokeo hayarudi. Siombi jina langu liandikwe kwenye kitabu. Naomba karatasi moja ya Kiswahili inayosema: mlichotueleza kuhusu mti huu ni kweli, kuhusu huu si kweli, na huu utawaua.

6. Vijana mnaotuletea.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo ni kufikia wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wenye mafunzo na posho. Nimeufurahia, nasema kweli, hata kama kwetu wazee wa darasa la saba mlango ni mwembamba. Kijana aliyeletwa kitongoji cha pili ni msikivu na anaandika vizuri kuliko mimi. Ila siku ya kwanza alimwona bibi mmoja anakausha mbegu uani akadhani ni maharage. Zilikuwa mbegu za mnyonyo. Sumu iliyomo kwenye mbegu hizo ikitafunwa ni kali mno, na mtoto alikuwa anazichezea pale pale kwenye ungo. Hakuna somo lililomwandaa kwa hilo, na sisi tunaojua hatukuombwa kumfundisha.

Najua mtakayosema. Nimeshayasikia, mengine kwa masikio yangu, mengine kupitia kwa wenzangu.

Mtasema hakuna utafiti. Jamani. Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, nayo ina watu wa kazi hiyo. Kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya 2002, kuna Baraza la tiba hizo, kuna Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika kila Agosti 31 ambapo viongozi hupiga picha na chupa. Yote hayo yapo juu. Yanakwama kabla ya kufika kwenye mkoba wangu.

Mtasema tutageuka waganga. Mganga anasajiliwa na Baraza. Sisi hatuombi usajili, hatuombi kuuza, hatuombi kutibu. Anayetaka kuuza chupa stendi asifanye kazi yetu, na nitakuwa wa kwanza kumtaja.

Mtasema majani hayana nafasi kwenye tiba ya kisasa. Wakubwa wangu, mnasema hayo mkiwa chini ya Amani, huku huku Usambara Mashariki? Huko juu Wajerumani walipanda mkwinini, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari wao walimeza kwinini iliyotokana na magome ya huko huko. Mseto huu tunaoutoa leo asili yake ni artemisia, mmea wa China, na mama aliyeongoza ugunduzi huo, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hiyo hadithi huwa naisimulia kwenye mikutano ya kitongoji, na huwa naimalizia hivi: kwa sababu ile ile, msinywe chai ya artemisia mkadhani mmetibiwa malaria. Jani la shamba hili si sawa na la shamba lile, kiasi cha dawa hakijulikani, vimelea vinabaki, homa inarudi na nguvu. Shirika la Afya Duniani lilishasema haliungi mkono matumizi hayo. Watu wanaelewa. Wanaelewa kwa sababu sikuanza kwa kulidharau jani.

Mtasema hakuna nchi inayowapa wajitolea wa kijijini kazi kama hiyo. Thailand ina wajitolea wa afya wa vijiji zaidi ya milioni moja, na dawa za mitishamba zimo kwenye orodha yao ya taifa ya dawa muhimu. Na lile Azimio la Alma-Ata la 1978, ambalo ndilo baba wa kazi yetu, liliwataja wahudumu wa jamii na waganga wa jadi katika sentensi moja.

Mtasema bajeti. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana sijaomba pikipiki.

Ninachoomba ni hiki:

Kwanza, safu moja kwenye rejista ya kaya na fomu ya rufaa: mgonjwa ametumia mti gani, sehemu gani, kwa siku ngapi. Kalamu tunazo.

Pili, orodha ya miti ishirini au thelathini inayopatikana nyumbani kwetu, ikaguliwe na mfamasia wa wilaya, wakunga na wataalamu wa Baraza, igawanywe mafungu matatu: isiyo na madhara ikitumika kawaida, ya hatari, na ambayo bado haijulikani. Fungu la tatu msilione aibu. Kusema "haijulikani" mbele ya wananchi si kosa. Sisi tutaleta matawi na majina ya Kibondei, Kisambaa na Kizigua, maana jina moja hapa linabeba miti miwili, na hapo ndipo watu hudhurika. Fungu la kwanza likija, litasema wazi pia mwisho wake: mchaichai na tangawizi kwa mafua ya mtu mzima, sawa, majani ya mpera kwa mtoto anayeharisha hayachukui nafasi ya ORS na zinki. Na mafuta ya mbegu za mwarobaini mtoto mchanga asipewe kabisa. Huko Malaysia wachanga waliopewa walipata degedege, na wengine walikufa.

Tatu, saa mbili kwenye kikao chetu cha mwezi, mara moja kila robo mwaka, wahudumu wa zamani tuwafundishe wapya kutambua mimea ya hatari kwa macho, kwa pua na kwa kugusa. Posho ya siku hiyo msitupe.

Nne, njia ya kuripoti mtu aliyedhurika na mti bila yeye, bibi yake wala sisi kuitwa polisi au kutukanwa. Leo aliyedhurika huzikwa na siri yake.

Tano, turudishiwe matuta yetu manne. Hasa la nne.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya kikao cha robo mwaka kijacho, hata yakiwa ya kukataa, mradi yaeleze sababu. Nikikataliwa kwa sababu iliyoelezwa, nitaielewa na nitaibeba kwa wenzangu. Kwa sasa tunagawanyika: wawili katika sita wameamua kunyamaza kama walivyoagizwa, mmoja ameanza kuuza unga wa mlonge kimya kimya (nimemsema, hataki kunisikia), na tuliobaki tunaendelea kufunua sufuria tukiwa na wasiwasi wa kufutwa.

Mkija kutuona njooni bila kutanguliza taarifa, maana mkitanguliza tutaambiwa tufyeke tena. Mpitie nyuma ya zahanati, upande wa kichomea taka. Shimo mtaliona kwa mchaichai.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Usambara Mashariki, Tanga.

Nakala: Mwenyekiti wa kijiji, Mtendaji wa kata, ubao wa matangazo wa zahanati, na bibi wa mti wa kisimani, ambaye nitamsomea mwenyewe.